Nyumba ya Mama Imekwisha Ukuta

Kwa Kaka yangu mpendwa, Mjenzi wa Bara kwa Njia ya Simu, huko ughaibuni,

Shikamoo. Sisi wazima, nyumba ndiyo mgonjwa. Kwa heshima zote, nakuomba uache kutuendeleza, walau mpaka mvua zikatike.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila asubuhi tunaifunga simu kwenye mpini wa ufagio ili uikague nyumba unayomjengea Mama. Mwashi, mtu mzima mwenye wajukuu, anauamkia ufagio. Jana wewe ulishakata simu, naye alikuwa bado anauamkia.

2. Uliagiza nyumba iwe mfano wa umoja wa Waafrika, kila nchi ya bara letu ipate mlango wake. Wazo zuri, tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Lakini nyumba ina vyumba vitatu, Kaka! Mwashi ameishiwa ukuta. Anauliza kama baadhi ya nchi zinaweza kuchangia bawaba.

3. Umoja umetutawanya. Shangazi amejitwalia milango yote ya kaskazini, na hasemi na binamu yetu aliyepita mmojawapo na sufuria bila kupiga hodi. Mbuzi wa jirani ndiye Mwafrika pekee anayepita kote bila ugomvi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mama hana pa kuegemeza kitanda. Popote anapolala, upepo unamjia kutoka nchi saba kwa mpigo. Anakohoa, roho inaniuma, nami nashona mapazia tu. Wateja wangu wa suruali wameshanikatia tamaa.

5. Mume wa dada anataka tuongeze madirisha ya Waafrika waishio ng'ambo. Nimemwambia akome.

Kwa hiyo tuzibe milango yote, ubaki mmoja. Bara halitaanguka. Ukibisha, njoo ulale humo mwenyewe, maana miaka yote hii unatuendeleza bila kukanyaga tope letu.

Nisalimie mkeo wa huko, wanao, na majirani wanaokuvumilia. Hapa wanakusalimu wote, ufagio ukiwemo.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Fundi Suruali, kwa sasa Fundi Mapazia

Tanbihi: Nimemsomea Mama barua hii. Amekataa hata mlango mmoja kuzibwa. Anataka uongezwe mwingine, mpana, karibu na kitanda chake. Anasema Waafrika wote wamepata pa kuingilia isipokuwa mwanawe. Mwashi ameshaanza kuvunja kipande cha mwisho cha ukuta kilichobaki.