Makasha Matatu, Lebo Tatu, Zote za Uongo

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Mjomba katangaza anafungua duka la pili la vifaa vya ujenzi, kule karibu na stendi. Jumamosi atasema nani atalisimamia: mimi au Redio. Redio ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo ni dada yangu, jambo ambalo hakuna aliyenishirikisha. Tunauza kwenye kaunta moja. Anaanza kuongea tukifungua mlango, anamaliza tukiufunga.

Duka jipya lina chumba cha nyuma. Chumba kina meza. Nimeiona kwa macho yangu! Nyumbani nafanyia mafumbo yangu kwenye ubao wa kupigia pasi. Mama akija na nguo zake lazima nihame, hata kama nimebakiza hatua moja tu. Meza ile lazima iwe yangu.

Nina kitabu kimoja cha mafumbo ya hesabu na mantiki. Hakina jalada, na kurasa za majibu zimechanika zote. Mwingine angeona hasara. Mimi mpaka leo sijakosa fumbo hata moja.

Mkakati: Mjomba aione akili hii. Redio ana mdomo. Mimi nina ubongo.

Jumanne, 5 Machi

Nimemfanyia Mjomba fumbo la ndoo tatu. Unaficha kufuli chini ya ndoo moja. Yeye anachagua ndoo. Wewe unafunua moja kati ya zilizobaki, isiyo na kitu, halafu unamuuliza kama anabadilisha. Jibu sahihi ni abadilishe. Nafasi yake ya kupata inakuwa mara mbili. Imethibitishwa!

Mjomba kachagua ya kushoto. Nikafunua ya kulia, tupu. Anabadilisha? Akasema yeye tangu aoe hajabadilisha kitu. Akafunua yake. Kufuli hilo hapo.

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba amekosea. Akaliokota kufuli, akaligeuza mbele na nyuma, akauliza amekosea wapi. Nikasema kimahesabu. Redio alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Mjomba akasema nizirudishe ndoo haraka, kuna mteja anazisubiri.

Mwanzo mzuri, ukiondoa matokeo.

Jumatano, 6 Machi

Ngazi imebaki moja. Kaja fundi rangi, kaja fundi bomba, kila mmoja anaapa katangulia yeye. Moyo ukanidunda! Mkweli mmoja, mwongo mmoja: ukurasa wa kumi na mbili huu! Unauliza swali moja tu na ukweli unajianika wenyewe.

Nikamuuliza fundi rangi: nikimuuliza mwenzako nani katangulia, atanijibuje? Fundi rangi akataka kujua kwa nini aulizwe mambo ya mwongo. Fundi bomba akauliza mwongo nani. Nikawatuliza. Nikasema kwa mujibu wa kanuni lazima mmoja wao awe mwongo, ila sijajua yupi, wanivumilie kidogo.

Wakatazamana. Wakanitazama mimi. Fundi bomba akasema, twende zetu ndugu yangu, huyu dogo ana dharau. Wametoka pamoja kwenda duka la jirani, wamekubaliana kununua ngazi ya huko, waitumie kwa zamu.

Maana yake nimewapatanisha. Hilo hakuna anayelitaja. Redio kamfikishia Mjomba habari kabla hata hawajavuka barabara, na sauti ya fundi bomba akaigiza. Kapatia kabisa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Nimepata! Sikumaliza hata chai.

Fumbo lenyewe: kuna makasha matatu. La misumari, la skrubu, na la mchanganyiko wa vyote viwili. Lebo zote tatu ni za uongo. Unaingiza mkono kwenye lililoandikwa Mchanganyiko, unatoa kitu kimoja bila kuchungulia, na papo hapo umejua yaliyomo kwenye makasha yote! Ukitoa msumari, basi hilo ni la misumari mitupu. Lililoandikwa Skrubu ndilo la mchanganyiko. Lililoandikwa Misumari ndilo la skrubu. Haiwezi kuwa vinginevyo. Niliposoma nilisimama.

Na ghalani kwetu tuna makasha matatu hayohayo! Misumari, skrubu, na mabaki yaliyochanganyika.

Tatizo ni moja. Lebo zetu zote ni za kweli. Kwa hali hiyo mfumo hauwezi kufanya kazi.

Nimezibandua mchana huu, Redio alipokwenda kula. Nimezihamisha. Nimefungua makasha yote kuhakikisha hakuna hata moja linalosema ukweli. Halafu nikajilazimisha kusahau ipi iko wapi, maana kukumbuka ni kuibia. Jumamosi asubuhi, kabla hajatangaza, namwonyesha Mjomba. Meza naiona kabisa.

Ijumaa, 8 Machi

Kaja fundi seremala na pikapu ya kukodi, injini inanguruma nje. Milango ya zahanati lazima ifungwe leo, kesho kuna wageni wa uzinduzi. Anataka kasha zima la skrubu. Na Mjomba kasimama palepale! Ningengoja Jumamosi ya nini?

Nikafumba macho. Nikaingiza mkono kwenye Mchanganyiko. Msumari! Nikamtangazia fundi kwamba tayari nimejua. Akasema hata yeye anajua, akanyoosha kidole kwenye kasha lililoandikwa Skrubu. Nikatabasamu. Nikamwambia hilo ndilo la kuepuka. Nikambebea lililoandikwa Misumari.

Akasema, kijana, hapa pameandikwa misumari. Nikamjibu ndiyo maana nina uhakika ni skrubu.

Mjomba alifungua mdomo, simu ikaita. Fundi akaondoka anatikisa kichwa. Saa kadhaa za utukufu.

Saa kumi karudi. Kalitua kasha kaunta bila salamu. Skrubu kiganja kimoja juu, chini yake misumari, skrubu, misumari. Mlango mmoja umesimama, mingine imelala chini. Akaninyooshea kidole kilekile cha asubuhi, akaniuliza kama nakikumbuka.

Hapo Redio, bila kuulizwa na mtu, akasema ni ajabu, maana jana jioni alikuta kasha la skrubu limeandikwa Misumari. Akajua kuna mjinga kakosea. Akabadilisha nafasi za lebo mbili, akalirekebisha.

Akalirekebisha! Kaingiza ukweli kwenye mfumo! Lebo moja ikisema kweli, kila kitu kinaporomoka! Nikamtaka amwombe fundi radhi. Hakuomba. Fundi kabeba kasha lililoandikwa Skrubu. Lilikuwa na skrubu.

Mjomba alikuwa anazitazama zile lebo, moja baada ya nyingine, midomo inacheza kama mtu anayejifunza kusoma.

Jumamosi, 9 Machi

Duka kapewa Redio. Na chumba. Na meza.

Mjomba kasema sina ubaya, ila nikigusa tena lebo yoyote ya duka hili nitafute mjomba mwingine. Mama alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe ni meneja. Sasa hivi anapiga pasi nguo ambazo hazijafuliwa.

Redio kanikumbatia. Eti usijali mdogo wangu, Profesa wangu, utakuwa unakuja kunisalimia. Nikamuuliza ile meza ataifanyia nini. Akasema atawekea thermosi.

Thermosi!

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari asubuhi nzima kwenye ubao wa pasi, kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Lilikuwa Redio. Mfumo hauna doa.

Lakini mimi sina kinyongo. Mchana Mjomba kanituma duka jipya nikafunge makufuli mapya: milango ya mbele, ghala, makabati, yote manane. Kazi ndogo, kasema, hata mimi siwezi kuiharibu. Makufuli yanafanana kama mapacha, funguo vilevile. Kila ufunguo ulikuja na lebo yake ndogo ya plastiki, imeandikwa wa wapi.

Nikaiona hatari. Dada yangu anakwenda kuanza maisha ya umeneja bila kufikiri hata mara moja! Na ukurasa wa hamsini na tatu unaonyesha wazi kwamba mtu makini anaweza kulinganisha makufuli manane na funguo zake bila lebo yoyote, kwa majaribio machache ya kushangaza.

Mjomba alikataza lebo za duka hili. La kule hakulitaja.

Nimezing'oa zote. Funguo nimempelekea Redio mwenyewe mkononi, nane, safi, kwenye pete moja. Kashukuru sana. Kesho asubuhi anafungua, na Mjomba kaalika mafundi wote waje.

Zile lebo nimezifungia dukani, chumba cha nyuma, asije akashawishika kuchungulia.