Abisa Ilivyopiga Kelele Karibu na Remba

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ajabu! Hotuba yangu, mimi mwalimu wa shule, imemliza Bi. Priscilla, mwenyekiti wa waokoaji wa ziwani hapa Homa Bay. Nimependekezwa kuongoza kikosi cha wazamiaji! Mpinzani ni mmoja tu: Jacktone, mvuvi anayezamia tangu utotoni. Sharti: tumeazimwa chapa mbili za kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa na kupima kina. Atakayeleta rekodi ya mita thelathini ataongoza, na ndiye atakayechagua chapa ya kununuliwa. Sikusema kwamba sijui kuogelea. Hakuna aliyeuliza.

Jumanne, 4 Machi
Nimezilinganisha. Neroka ni ndogo, pole, haina sauti. Abisa ina kioo kipana na hupiga kelele mvaaji akikosea. Nimechukua Abisa, Jacktone akabaki na Neroka. Inaonekana mkononi kutoka gatini hadi sokoni! Jacktone akauliza, mbele ya wauza dagaa wa omena, iwapo ng'ombe wa kwetu Kehancha hawanishindi kuogelea. Walicheka! Hata Phelesia, mke wangu wa ndoa! Nilijibu kwa utulivu kwamba ng'ombe hawajawahi kupendekezwa na kikao.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya hila. Nikakodi mtumbwi hadi majini karibu na kisiwa cha Remba. Nikaifunga Abisa kwenye kamba pamoja na jiwe, nikaishusha. Nikala ugali na samaki. Nikasinzia. Kufumbua macho: Jacktone huyoo, anakuja na boti! Nikaivuta kamba kwa nguvu zote, nikaivaa mashine, nikajimwagia ndoo ya maji kichwani. Abisa ikalia! Kioo chekundu! Jacktone akaisoma. Kwa mujibu wa mashine, nilikaa chini mno kisha nikaibuka kama risasi. Damu yangu sasa imejaa mapovu ya hewa, yale yanayoua wazamiaji. Akapiga kelele: "Omera, ndugu yangu Mwalimu, usisogee!" Nikiungama kamba, nimeukosa uongozi. Nikaguna kwa maumivu.

Ijumaa, 7 Machi
Hospitalini, oksijeni puani. Daktari ameduwaa: hajapata kuona mgonjwa mahututi mwenye hamu ya chapati. Phelesia akaninong'oneza: mtu anayeogopa hata kunawa uso alifikaje mita thelathini na nne? Nikamwambia, kwa nia thabiti. Akanitazama sana.
Jioni kikao kizima kikafika. Bi. Priscilla akatangaza kwamba rekodi imethibitishwa. Nimeshinda! Wakaimba! Nikainuka nusu kitandani kutoa shukrani. Ndipo daktari akasema kwamba mtu aliyepatwa na mapovu haya haruhusiwi kuzamia tena. Uongozi ukaenda kwa Jacktone. Nilipigwa na butwaa! Na la kushtua zaidi, Jacktone alilia machozi ya kweli. Akaahidi kuipa boti ya kikosi jina langu.

Jumapili, 9 Machi
Nimeruhusiwa kurudi nyumbani. Nimejichunguza bila huruma, kama inavyompasa msomi, na nimeliona kosa langu waziwazi. Chapa! Neroka ingenyamaza.
Nasikia Migori nao wanaunda kikosi cha wazamiaji wa mtoni. Huko mjini hawanijui. Hotuba iko tayari. Nimemwomba Jacktone aniazime Neroka, niitazame tu kama kumbukumbu. Akanipa kwa mikono miwili, maskini. Phelesia ameniona nikikunja kamba, akashika kichwa.
Jiwe sibebi. Migori hakukosi mawe.