Honi ya Mgeni Rasmi

Jamani, leo nimeadhirika mbele ya kijiji kizima, tena kwa ngoma na vigelegele.

Nawaandikia nyote tuliosoma pamoja chuo cha kilimo. Someni mpokezane, maana sina nguvu ya kusimulia mara mbili.

Mlishasikia kwamba nimepewa pikipiki mpya. (Ndiyo, mimi. Yule mliyekuwa mkimwita Bwana Baiskeli.) Siku ya kunikabidhi, mkuu wangu wa idara alinishika bega. "Ndugu Haule," akasema, "chombo hiki kina garantii ya mwaka mzima. Kikiharibika, wakala aliyekiuza anatengeneza bure. Garantii ikifa, idara haina fungu la matengenezo. Unarudi kwenye baiskeli."

Nyinyi mlioko kwenye lami hamjui uzito wa maneno hayo. Kwenye mchanga wa huku Mtwara baiskeli haipandwi, inasindikizwa. Nikaapa kuilinda garantii kama mboni ya jicho langu.

Basi, haikupita wiki taa ya breki ikafa. Nikaipeleka gereji ya wakala. Fundi wao anaitwa Chitanda, mtu mpole, asiye na haraka na maisha ya mtu mwingine. Akaikagua taa, akakuna kichwa.

"Ndugu, spea zipo melini."

Nikarudi tena. Zipo melini. Nikarudi tena na tena. Bado zipo melini! Ikafika mahali nikipita Bandarini nachungulia majini kama mtu anayesubiri shemeji zake.

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku yangu. Mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam alikuwa anakuja Madimba kukagua shamba la mikorosho la kijiji, na mtoa maelezo ni mimi. Nimefua shati. Nimepiga pasi hadi soksi. Asubuhi nikapitia gereji kuchukua pikipiki iliyolala huko kwa sevisi.

"Tayari," akasema Chitanda. "Nimekuungia nyaya."

Nikapanda, nikajaribu breki. PEEEEE! Nikaachia. Kimya. Nikashika tena. PEEEEE!

"Fundi! Nikishika breki inalia honi!"

"Ndiyo."

"Nilileta taa!"

Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mtoto mzito. "Ndugu, taa ya breki kazi yake nini? Si kumwambia aliye nyuma kwamba unasimama? Haya, honi nayo inamwambia. Tena na aliye mbele anajua. Hasara iko wapi?"

 

Nikaomba basi angalau aukate ule waya niondoke. Akakataa, hana ruhusa ya kupunguza kitu. Akanionyesha kiungo cha waya chini ya tangi, amekipaka rangi nyekundu. "Rangi hii ni yetu. Ikibanduka nitajua umechokonoa. Ukichokonoa, garantii imekufa."

Nikaondoka. Mtaa wa Ufukoni peke yake nimewasimamisha akina mama watano, kila mmoja akidhani namwita. Mmoja aliitika. Mbuzi wote wa barabara ile wananijua sasa.

Kabla ya kuingia Madimba kuna mteremko wa mchanga unaopita katikati ya mikorosho. Huwezi kuushuka bila breki, labda uwe umechoka kuishi. Nikashika breki. PEEEEE! Nikasikia ngoma.

Hapo nikakumbuka. Kijiji hakina simu, kwa hiyo wanakijiji walishaelekezwa: mkisikia honi kule mteremkoni, huyo ndiye mgeni rasmi, anzeni mara moja, msisubiri kumwona. Na maelekezo hayo aliyatoa nani? Mimi! Ijumaa, kwa mdomo wangu, nikiwa na akili timamu.

Nikaachia breki ili kunyamaze. Pikipiki ikashika kasi. Nikashika breki. PEEEEE! Vigelegele. Nikaachia, nikaona mkorosho unanijia, nikashika. PEEEEE! Sasa na kwaya imeanza. Yaani kila nilivyojitahidi kusimama ndivyo ngoma ilivyopanda.

Nikatokeza kijijini nikiwa na kofia ya pikipiki, miwani ya vumbi, na sura yote imegeuka udongo. Nani angenijua? Injini ikazimikia kwenye mchanga mbele ya jukwaa. Kabla sijafumbua mdomo, shada la maua liko shingoni. Dafu liko mkononi. Watu wanaimba, "Karibu mgeni, karibu!" Mwenyekiti wa kijiji anapiga saluti.

"Ni mimi!" nikapiga kelele.

"Ni yeye!" wakajibu kwa furaha, ngoma ikaongezwa.

Ilibidi nivue kofia. Ngoma zikafa moja moja. Mwenyekiti akateremsha mkono wake taratibu.

"Bwana shamba," akasema, "ndiye wewe unayekunywa dafu la mgeni?"

Kumbe kwa hofu nilikuwa nimeshalimaliza. (Lilikuwa tamu, nisiwafiche.)

Na gari la mgeni likafika hapo hapo, kimyakimya, dereva wake hata hakugusa honi. Mkubwa akashuka akakuta wapiga ngoma wamekaa chini wanajipepea, na shada lake liko shingoni kwangu. Nikamvisha. Likiwa na jasho langu.

Tuseme ukweli, alikuwa mtu mwema. Akapanda jukwaani akaanza kuzungumzia kilimo cha pamoja, watu wakatulia. Nami nikaanza kupumua. Amefika tu kwenye maneno "na sasa tusikilizane kwa utulivu", pikipiki yangu ikazama na stendi yake mchangani, ikaanguka ubavu, ikalalia pedeli ya breki.

PEEEEEEEEEE!

Wapiga ngoma hao! Wameelekezwa honi ni ngoma, nao si watu wa kuvunja agizo. Kwaya ikainuka. Mgeni rasmi anachezesha midomo jukwaani na hakuna anayemsikia.

Nikakimbia, nikaivuta pikipiki. Imezama, haiinuki. Honi inalia. Mwenyekiti akanifikia na panga. "Kata huo waya!"

"Garantii itakufa!"

"Kata!"

Ndugu zangu, niliitazama ile rangi nyekundu. Nikaiona baiskeli yangu imeegemea ukuta, inanisubiri. Nikamtazama mgeni jukwaani, mikono hewani, mdomo wazi. Nikafumba macho, nikakata.

Kimya. Hata ngoma zikanyamaza. Na mimi, kwa uchungu, nikatamka kwa sauti iliyofika kila pembe: "Garantii imekufa!"

Mgeni rasmi akashuka jukwaani, akaja akainama juu ya pikipiki. Akaugusa ufunguo, ambao kwa kuparamiwa na wapokeaji nilisahau kuuzima. Akauzungusha kidogo. Tiki.

"Ndugu bwana shamba," akauliza taratibu, "ungezima hapa, isingenyamaza?"

 Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Kicheko kilianzia jukwaani, kikashuka hadi kwa wapiga ngoma.

Halafu Bibi Namtembo akaja. Huyu bibi ananiita mtani tangu alipojua natoka Songea, na utani wake hauna likizo. Akajifunga kanga kichwani, akaketi mchangani kando ya pikipiki na kupiga ukelele wa msiba.

"Uwiii! Garantii wa ntani wangu! Kafa angali nchanga! Hata nwaka hajatimiza!"

Wanawake wengine wakaketi naye, wakajishika vichwa. Mwenyekiti akanipa mkono wa pole. Mwishowe na mgeni rasmi, huku machozi ya kicheko yakimtoka, akapanga foleni akanipa pole. Maelezo yangu ya mikorosho yaliniishia kooni, hakuna aliyeyauliza.

Alasiri nikaipeleka pikipiki gerejini, waya unaning'inia. Chitanda akaiangalia rangi yake iliyokatika, akatikisa kichwa.

"Ndugu, umechokonoa. Garantii imekufa."

"Najua. Nimetoka mazishini."

"Pole sana. Tena leo, maana ile meli imeingia asubuhi. Taa yako ilikuwemo."

Pikipiki nimeiacha pale pale, maana idara haina fungu la kuitengeneza, nimerudi nyumbani kwa miguu. Baiskeli nimeipangusa vumbi na kuitia upepo, kesho nina ziara ya vijiji. Nanyi nawasihi, msinicheke kwanza. Kwetu, marehemu hachekwi kabla ya arobaini yake kupita.