Ukurasa wa Mwisho Uliovaliwa na Mwenyekiti

Sogeeni, wajukuu, zimeni redio, niwape habari za vita vya wifi yangu, fundi cherehani, Simba wa Mapindo, Mshika Mkasi Asiyetetemeka, alivyopambana na riwaya ya kisasa mpaka mmoja wao akasalimu amri. Kwanza tegueni: bwana yumo ndani, dirisha lipo, hewa hamna, kurasa zinakwisha. Mmeshindwa? Ndicho kitabu chenyewe hicho. Bwana anawaza kufungua dirisha, toka jalada hadi jalada, bila nukta ya kupumulia.

Na katika kikundi chetu cha kusoma, sheria ni kali kuliko ya sultani: asiyemaliza kitabu humimina chai akiwa wima, kimya. Wifi, tangu ajiunge, alikuwa hajaonja kiti. Safari hii akaapa kwa uzi na sindano kwamba ataketi na atasema.

Akakitandaza kitabu juu ya cherehani, mguu ukikanyaga, jicho likisoma. Lakini usingizi, adui mwenye majeshi, ukamzingira katikati ya sentensi. Alipozinduka, ukurasa wa mwisho umetekwa. Akautafuta hadi uvunguni. Wapi!

Siku ya baraza akashika birika, kichwa chini kama jemadari aliyepoteza ngome. Mwenyekiti, mkutubi wa maneno mazito, akawa anatueleza huku akitembea kwamba dirisha lile ni nafsi. Na kila hatua, sketi yake mpya, aliyoshonewa na Wifi, ikachakarika. Wifi akasikiliza. Akaliweka birika miguuni pa mwenyekiti.

"Mama mwenyekiti, samahani. Nimebakiza ukurasa mmoja, na umeuvaa."

Tukadhani kachanganyikiwa. Yeye akapiga magoti, akafumua bitana kwa wembe, uzi baada ya uzi, na mwenyekiti kasimama kama mlingoti, hathubutu kukohoa. Ukurasa ukatoka, umejaa matundu ya sindano. Akausoma palepale sakafuni, midomo ikicheza.

Kisha akainuka, akaketi, akanyoosha gauni.

"Nimemaliza. Hakulifungua. Mimi ningemfungulia ukurasa wa kwanza, nikaendelea na kushona."

Mwenyekiti akasema hiyo si hoja ya kifasihi. Nikamkumbusha kwamba aliyemaliza hamimini, na birika liko miguuni pa nani?

Basi neno hili lihifadhini vifuani, enyi kizazi changu: siku ile mwenyekiti mwenyewe, pindo likining'inia, aliinama akaliokota birika, akamuuliza fundi cherehani sukari anaweka vijiko vingapi.