Vyeti vya Usalama wa Mtandao na Posa ya Magreth

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mzee Emilian, mshenga wangu, amerudi kutoka Igalula. Barua ya posa imepokelewa. Ila baba yake Magreth, Mzee Ngassa, ameuliza: huyo kijana anafanya kazi gani? Mshenga akajibu kwamba nauza kava za simu hapa Mtendeni. Hivyo hivyo, bila kupamba! Mzee kasema atafikiri kwanza.

Sijala mchana. Nampenda Magreth kiasi kwamba akipita tu nawapa wateja kava zisizo za simu zao.

Lakini dawa nimeipata. Kuna kozi za bure mtandaoni, za usalama wa mtandao. Ukimaliza unapewa cheti chenye jina lako. Mzee akiletewa vyeti, ataniuliza tena kazi?

Jumatano, 4 Juni

Cheti cha kwanza! Somo la nywila, yaani maneno ya siri. Mtihani unaruhusu kurudia mpaka ufaulu, nami sina haya. Nikaenda kwa Parvez wa stesheneri anichapie kwa rangi na kukitia laminesheni. Akauliza kama nimejifunza chochote. Nikamwambia achape.

Parvez naye anasoma kozi hiyo hiyo, polepole, na anaandika kila kitu, eti alinde kompyuta za duka. Watu wengine hawana haraka na maisha.

Alhamisi, 5 Juni

Cheti cha pili: jinsi ya kumtambua tapeli. Hili somo nimelifuatilia kweli, lina video. Dalili zake: namba ngeni, jina la mtu unayemheshimu, na haraka.

Mshenga amepanda gari la Igalula na vyeti vyote ndani ya bahasha. Magreth aliuliza bahasha ina nini. Nikasema ni maisha yetu. Akacheka, akanipangusa vumbi begani. Shati hilo sifui.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemkamata tapeli! Namba ngeni imenipigia asubuhi, sauti ya kizee. Eti yeye ni baba yake Magreth, simu ya mshenga haipatikani, kwa hiyo niende Igalula kesho mimi mwenyewe bila kukosa. Dalili zote zimetimia! Halafu tangu lini baba wa binti akampigia mposaji? Hiyo ni kazi ya mshenga. Tapeli huyu katoka mbali, hata mila hazijui.

Nikamwambia, "Baba mkwe wangu ni mtu wa heshima, hawezi kunipigia hivi. Wewe mzee mzima huoni haya kutumia jina lake?" Nikakata. Nikaibloku namba, kisha nikaituma kwenye grupu la kwaya tunayoimba na Magreth, ili watu wajihadhari. Soprano wote wamenipongeza. Magreth peke yake kimya.

Jioni. Magreth alikuja kibandani. Hakukaa.

"Hilari," akasema, "ile namba ni ya baba."

Kisha akalia. Nami nikalia. Mteja aliyekuwa anachagua kava akairudisha taratibu, akaondoka.

Jumapili, 8 Juni

Basi la alfajiri mpaka Igalula. Mzee Ngassa nilimkuta uani anamenya karanga, vyeti vyangu viko chini ya bakuli. Nilipiga magoti. Shikamoo ilinitoka mara mbili. Akaitikia marahaba moja, akaendelea kumenya. Nikaeleza yote: dalili, video, mila. Nilijua nimeshampoteza Magreth.

Alipomaliza ganda alilokuwa nalo akasema, "Vyeti vyako sikuvielewa. Nilikuita uje unieleze. Tangu mama Magreth afariki, matapeli wananipigia kila wiki, nami nawasikiliza wote, maana hakuna mwingine anayenipigia. Wewe ulinifokea kwa kulinda jina langu. Binti yangu na akae na mtu wa namna hiyo."

Akasogeza bakuli, tukamenya pamoja. Akasema niwe nampigia mwenyewe kila Jumapili, tusimsubiri mshenga. Nikaitoa namba yake kwenye bloku hapo hapo.

Jumanne, 10 Juni

Posa imekubaliwa rasmi! Magreth alichukua simu yangu leo atazame picha, akaomba nywila. Nikamwambia ni jina lake. Akanitazama kwa huruma, akanishika mkono. Akanikumbusha kile cheti cha kwanza: usitumie jina la mpenzi wako, na usimtajie mtu yeyote.

Kweli kabisa. Nimeibadilisha hapo hapo. Sasa ni MkeWanguMagreth. Nimempigia baba mkwe nikamtajia, amefurahi sana. Mshenga nimemwambia pia, kwa heshima yake. Parvez aliziba masikio, huyo ana wivu. Kwenye grupu la kwaya nimeituma kwa herufi kubwa, wajue wote.