Mjane Niliyemuua kwa Kiingereza

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya neema! Madam wa Kiingereza ametangaza kwamba Ijumaa mkaguzi wa elimu atakuja kutusikiliza sisi Kidato cha Tatu tukijadili riwaya. Atakayeng'ara ataiwakilisha shule kwenye mashindano. Ni mimi. Nani mwingine? Kikwazo kimoja tu: riwaya sijaisoma. Nilifika pale mjane anapofungua dirisha, Kiingereza kikawa kigumu kama mfupa, nikamwacha hapo hapo dirishani.

Baba naye, fundi cherehani, ameapa: nikianguka tena Kiingereza, likizo nzima nitapiga pasi suruali za wateja. Pasi yenyewe ya mkaa!

Jumanne, 5 Machi

Mpango umeiva. Mdogo wangu wa kike hula vitabu kama mchwa. Nimempa riwaya anisomee, anisimulie kwa Kiswahili, nami nimwoshee vyombo. Mwerevu mimi!

Kasoma jioni nzima. Zamu ya vyombo ilipofika, nikaumwa tumbo. Msomi hasugui masufuria. Akanitazama weee, kisha akanisimulia: mjane anagoma kuuza nyumba, shemeji yake anamwandama, mwishoni mjane anakufa. Nikauliza kafa na nini. Kasita kidogo, akasema kafa na hasira. Ajabu! Lakini riwaya za Kiingereza ndivyo zilivyo.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi darasani. Nimewahi kunyoosha mkono kabla ya Spika, hasimu wangu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nikatangaza kwa Kiingereza safi kwamba mjane amekufa.

Halafu kicheko! Spika kaangukia dawati. Kisha akasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti: mjane yu hai, anachemsha chai, tena anaimba! Laiti ardhi ingenimeza.

Madam akanyamazisha darasa. "Hebu tueleze. Amekufaje?"

Maji nimeshayavulia nguo. Nikajibu kwamba kinachochemsha chai ni mwili tu. Moyo ulizikwa zamani pamoja na mumewe. Sijui nililitoa wapi! Madam kaweka chaki chini. Akasema huko ndiko kusoma, siyo kukariri. Akaamuru darasa zima liandike maneno yangu. Spika kayaandika. Nimesimama nyuma yake kuhakikisha.

Nyumbani mdogo wangu kaungama kabla sijauliza. "Nilitaka kukukomesha, kaka. Na tumbo lako la uongo!" Nikamkumbatia. Kachanganyikiwa kabisa, maskini.

Ijumaa, 8 Machi

USHINDI! Ushindi, ushindi!

Mkaguzi ni bonge la mtu, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Spika kaanza, anataja kurasa kama anayesoma ratiba ya treni. Mkaguzi kapiga miayo. Nikasimama mimi. Nikamuua mjane. Mkaguzi kafumbua macho. Nikamuua na shemeji. Akaanza kutikisa kichwa kwa raha. Basi nikaiua na nyumba: mnaona kuta, wapendwa, lakini lile ni kaburi!

Mkaguzi kasimama, miwani ikaanguka puani. "Kijana, riwaya hii nimeifundisha miaka mingi. Hilo kaburi sikuwahi kuliona!"

Nikamjibu kwa heshima kwamba hata mimi limenishangaza. Akaniita mnyenyekevu. Nimechaguliwa papo hapo! Madam kapiga makofi hadi vumbi la chaki likapaa.

Baba kafunga kibanda mapema. Ananishonea suti ya mashindano. Wateja na wasubiri. Kila apitaye anaambiwa kwamba mwanawe anaua watu kwa Kiingereza. Mama kamwomba apunguze sauti.

Spika alinifuata getini. Akasema kwa upole kwamba bahati haibishi hodi kila siku, nisome kitabu, na yuko tayari tusome pamoja. Nikamwambia wivu hauna dawa.

Jumatatu, 11 Machi

Madam kanikabidhi riwaya ya mashindano. Nene kama tofali! Kanisihi niisome yote, sura kwa sura, kwani majaji wa huko hawana mchezo. Nimeahidi kwa moyo mkunjufu.

Nimeilaza chini ya godoro, iive. Kusoma kutaniharibia kipaji. Jalada nimelitazama kwa makini na linatosha: punda mnene, kasimama kando ya kisima, masikio juu, macho maangavu, anatabasamu.

Maskini. Hajui kwamba ameshakufa.