Kiti cha Baba Ukingoni mwa Barabara

Jumatatu, 16 Juni
Shule imeisha na sina furaha. Binamu yangu Brynn anayo. Ameweka picha mtandaoni: chumba cheupe, mmea mmoja, miguu mitupu. Ati ukipunguza vitu unabaki na wewe mwenyewe. Nimepunguza vyangu mchana kutwa. Nimebaki na mimi mwenyewe. Sijapendezwa. Nadhani kasoro iko sebuleni.

Jumanne, 17 Juni
Kiti cha baba cha kujilaza! Kimechanika, kimezibwa kwa utepe wa gundi, na kila jioni kinammeza. Utumwa mtupu. Alipokwenda kazini nilikiburura hadi ukingoni mwa barabara, nikabandika karatasi: BURE. Kabla sijamaliza kunawa mikono, hakipo. Hapa mjini Duluth kuna watu wepesi.

Jioni baba amesimama sebuleni na sahani yake, hajui pa kwenda. Nikamweleza kuhusu uhuru. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, huo uhuru unakaliwaje?" Mama akasema ndicho kiti alichonibembelezea nilipokuwa mchanga. Baba hakufoka. Alikula wima. Heri angefoka.

Jumatano, 18 Juni
Kiti kiko kibarazani kwa Bi Arlys, mjane wa nyumba ya tatu. Nimepita hapo mara nyingi nikijifanya natafuta paka. Hatuna paka. Hapa kwetu ukishaandika BURE, kukirudia kitu ni aibu kuliko kukiiba. Mwishowe nikabisha hodi. Bi Arlys akafungua mlango.

"We binti, mbona umesimama kama nguzo ya umeme? Ingia!"

Nikasema yote kwa pumzi moja. Akacheka mpaka akakohoa. Ati alijua tu, hakuna mwenye akili timamu anayetupa kiti kama kile. Atakirudisha, ila kwanza tumalize keki yake ya limau. Tukaimaliza. Akanisimulia jinsi marehemu mumewe alivyotumbukia ziwani akimfokea samaki. Nilicheka kwa sauti, mimi! Kisha tukakibeba, tukipokezana kukikalia njiani.

Baba alikaa, akafumba macho, akanishika mkono.

Alhamisi, 19 Juni
Jana imepotea. Nilipanga kutafakari, nikaishia kula keki na kubeba samani. Furaha: hakuna. Ila nimegundua kosa langu. Kinachotufunga si vitu, ni watu! Naanza kuwapunguza. Wa kwanza ni Bi Arlys, ambaye amenialika tena Jumamosi. Nitakwenda kumweleza ana kwa ana, taratibu, baada ya keki.